Bonjour Kwanza, Shida Yako Baadaye

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya vijana wanaojiandaa kwenda Ufaransa, kuna wanaoenda chuo na kuna wanaoenda kulea watoto kwenye familia za huko. Wengi mliniomba niiandike, basi nimeiweka hapa kama nilivoongea.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, akina mama hamjambo, vijana mambo vipi.

Mmeona eeh, sijataja jina langu, sijataja mada, nimeanza kwanza kuwapitia kundi moja moja mpaka nimesikia kila upande umeitika ndo nikaanza kuongea. Hakuna aliyenikumbusha. Ningepanda hapa nikaanza tu "mada yetu leo ni" wale wazee pale mbele wangetazamana, wangejiuliza huyu mtoto wa nani, na wangekuwa na haki kabisa. Sasa hilo ndo jambo moja nililokuja nalo leo na mengine yote mtakayosikia yanatokana na hilo: Ufaransa nao wako hivohivo. Salamu inatangulia, na salamu yao ni bonjour. Hata kama una haraka, hata kama jino linakuuma, hata kama treni inaondoka, bonjour kwanza, shida yako baadaye.

Nawaambia hivi kwa sababu nakutana sana na vijana wetu walioko huko au waliorudi, wananiambia Wafaransa wanaringa, Wafaransa wana dharau, niliingia dukani yule mama akaniangalia kama sijaingia. Namuuliza ulipoingia ulisema nini, ananiambia nilimuuliza bei. Ulimsalimia? Kimya. Sisemi ubaguzi haupo, upo, na ukikutana nao utaujua na una haki ya kulalamika panapohusika. Ila yapo mengi sana tunayoyabeba moyoni kama dharau kumbe sisi ndo tuliingia kwa mtu bila hodi, na yeye kwa mila zake ameona katukanwa yeye kwanza.

Maana ukitaka kuielewa bonjour ya Mfaransa iweke pale pale kwenye hodi yetu. Duka lina mwenyewe, ofisi ina mwenyewe, chumba cha kusubiria daktari kina watu waliokutangulia, hata basi lina dereva wake. Unapovuka ule mlango unapiga hodi, unaitikiwa, hapo sasa umekaribishwa na unaweza kusema kilichokuleta. Kwetu ukipiga hodi tatu hujaitikiwa unageuza ulikotoka. Kwao ukiingia bila hodi hawakufukuzi, wanakuhudumia lakini kwa uso mkavu, na wewe unarudi nyumbani unasema hawa watu roho mbaya.

Twende kwenye duka la mkate, boulangerie, maana huko mtakwenda karibu kila siku. Asubuhi, foleni imefika mlangoni, mbele yako kuna bibi mmoja na kikapu chake. Zamu yake inafika, msikilizeni. "Bonjour Madame." Ananyamaza. Muuzaji anamjibu "Bonjour Madame." Hapo ndo bibi anasema "Une baguette, s'il vous plaît", mkate mmoja mrefu tafadhali. Muuzaji anauliza "Et avec ceci ?" yaani na kingine je? "Ce sera tout, merci", basi, asante. Bibi anatoa hela yake, euro moja na senti kadhaa, anapewa mkate umezungushiwa karatasi katikati, halafu muuzaji "Merci, bonne journée", asante, siku njema, na bibi "Merci, vous aussi, au revoir", asante, nawe pia, kwaheri, huyoo ameondoka. Yote hayo hayafiki dakika. Mkate wenyewe umetajwa mara moja tu, yaliyobaki ni adabu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna hata mtu mmoja kwenye foleni anayeona bibi anawachelewesha.

Nataka mkione kile kimya kidogo cha bibi baada ya bonjour. Hapo ndo wanafunzi wangu wengi wa Kifaransa wanakosea hata wale wenye cheti cha DELF, ule mtihani wa Kifaransa, ngazi ya A2 au B1. Anajua kabisa aseme bonjour lakini anaimeza, "bonjourjevoudraisunebaguette" yote pumzi moja, kama anasoma tangazo. Hiyo haihesabiki. Sema bonjour, mtazame, subiri akuitikie, ndo useme. Na uongeze Madame kwa mwanamke au Monsieur kwa mwanaume, usiiache bonjour peke yake kwa mtu usiyemjua, inakuwa imepungua kitu. Jina la mtu hulihitaji, "Bonjour Madame" tupu inatosha na ndo ya heshima zaidi.

Kutamka msiogope. Ile j ya kwao sio j ya jana na sio z ya zabibu, funga meno kama unasema sh halafu acha koo litetemeke. Ile bon n yake haifiki kwenye ulimi, inaishia puani. Monsieur imeandikwa hivo lakini inatamkwa kitu kama mesyee. Ukikosea kidogo watakuelewa, kitu wasichoweza kukuelewa ni sauti ndogo. Sisi tumelelewa kwamba mbele ya mkubwa unashusha sauti, mtoto mwenye adabu hasikiki sana. Kule bonjour isiyosikika ni sawa na hukusema. Itoe kifuani, na tabasamu dogo.

Na hili la kumtazama nalo ni zito ngoja nikae nalo kidogo. Kwetu sehemu nyingi unapomwamkia mtu mzima unainamisha macho, msichana anapiga goti, ukimpa mkono unaushika mkono wako wa kulia kwa wa kushoto kuonyesha heshima, na mkishashikana mnaweza kuongea mkono bado uko mkononi, habari za nyumbani, watoto, shamba, mvua imenyesha huko? Hiyo ni adabu kubwa na msiitupe, mtaikuta mkirudi. Lakini Mfaransa akikupa mkono anaubana mara moja, anautikisa kidogo, anauachia, na muda huo wote anakutazama machoni. Ukiinamisha macho anaweza kufikiri unamficha kitu au hukutaka kumsalimia. Nimeona kijana mzuri, amelelewa vizuri kabisa, anaingia kwenye intavyuu anaangalia viatu vya meneja kwa heshima zote na meneja anaandika kwenye karatasi yake kwamba huyu hajiamini. Inauma. Kwa hiyo fanyeni mazoezi, na wazazi mlioko hapa mkiona mtoto anawakazia macho wiki hii anapowaamkia msimchape, ni mimi nimemtuma.

Nyinyi mnaoenda kwenye familia nawaomba mnisikilize hapa maana hili halipo kwenye kitabu. Mtakaa na watoto wadogo na mtasikia kila siku mama anamwambia mtoto "Dis bonjour à la dame", msalimie huyo mama mgeni. Mtoto anajificha nyuma ya mguu wa mama yake, mama hamwachii, anarudia mpaka mtoto aseme. Hiyo ni ileile ya bibi zetu, "umeshamwamkia mgeni? mpe shikamoo babu". Mtoto akidai maji hivihivi anaulizwa "Et le mot magique ?", na lile neno la ajabu je, na anajua anatakiwa aongeze s'il te plaît, tafadhali. Kwa hiyo wale watu wazima mnaowaona wanakasirika kwenye kaunta wamefundishwa hivyo tangu hawajaota meno, sio kiburi cha ukubwani. Na wewe dada ukiamka asubuhi ukaingia jikoni ukapitiliza kwenye friji bila kusema kitu, hata kama ni nyumba unayoishi, umeanza siku vibaya. Unasema "Bonjour, bien dormi ?", umelala vizuri, kwa kila mtu pamoja na mtoto. Jioni mnapokwenda kulala ndo "bonne nuit", na bonne nuit ni ya kulala tu jamani, usimuage mtu barabarani saa mbili usiku kwa bonne nuit, hapo ni "bonne soirée", jioni njema.

Kuna mkahawa mmoja mjini Nice unaitwa La Petite Syrah, mwaka 2013 uliweka ubao wa bei uliozunguka dunia nzima. Ukisema "kahawa" tu, euro 7. Ukisema "kahawa tafadhali", euro 4 na senti 25. Ukisema "bonjour, kahawa tafadhali", euro 1 na senti 40. Ilikuwa kama utani wa mwenye mkahawa kwa wateja wa mchana wenye haraka, lakini angalieni hesabu yake ilivyo, kutoka 7 mpaka 1.40 na kahawa ni ileile. Mfaransa akiusoma ule ubao anacheka halafu anasema haki yake.

Sasa wapi unasalimia na wapi husalimii. Dukani, ofisini, famasi, kwa daktari, ndio. Chumba cha kusubiria ukiingia unawasalimia wote walioko, wazee husema "Messieurs-dames" na kuinamisha kichwa kidogo, na wanakuitikia hata kama wanasoma magazeti. Basi ukipanda mlango wa mbele unamwambia dereva bonjour, najua daladala hatuna huo utaratibu, konda ndo anakusalimia kwa kukusukuma ndani, lakini kule dereva anasalimiwa. Kwenye jengo unalokaa, ngazini, kwenye lifti, jirani usiyemjua jina, bonjour. Kijijini na kwenye njia za milimani mnapopishana kwa miguu, bonjour pia. Ila Paris barabarani au ndani ya metro ukianza kuwasalimia watu watakushangaa, wanaokupita ni maelfu na hujaingia kwa yeyote. Na mabinti, mwanaume usiyemjua akikusemesha bonjour mtaani na kukufuata, adabu hii niliyowafundisha haimhusu, huna deni naye, endelea na safari yako.

Kitu kingine kitakachowashangaza, bonjour ni moja kwa siku. Sisi tukikutana asubuhi tunasalimiana, mchana tena habari za saa hizi, jioni za tangu asubuhi, na kila moja ni ya moyo. Mfaransa ukimwambia bonjour mara ya pili siku hiyohiyo anafikiri umesahau kwamba mlishaonana, yaani hukumweka akilini. Mkikutana tena tabasamu tu au sema "rebonjour". Ofisini nyingi mtu akifika asubuhi anazunguka meza zote anasalimia kila mmoja, na ukimruka mmoja atakumbuka mpaka mchana.

Na zile habari zetu ndefu hawana. "Comment allez-vous ?", yaani hujambo, jibu lake ni "Très bien, merci, et vous ?", sijambo asante, na wewe, basi yameisha, sio mahali pa kueleza mgongo unavyouma. Muuzaji wa mkate humuulizi hali kama hamjazoeana. Nilivofika huko jambo hili lilinipa upweke, kwangu salamu isiyouliza mama ilikuwa kama chai bila sukari, halafu pole pole nikaona kwamba kuuliza kwao kupo ila kunakuja baadaye, mkishakaa mezani, na wakiuliza pale wanataka jibu la kweli.

Sasa "tu" na "vous", zote maana yake wewe, "tu" ni ya waliozoeana na "vous" ni ya heshima. Hapa mshike moja tu: kwa mtu mzima usiyemjua, vous, siku zote, mpaka yeye aseme "on peut se tutoyer", tunaweza kuitana "tu". Anayefungua huo mlango ni mkubwa kwa umri au kwa cheo, wewe mdogo subiri. Wanafunzi kwa wanafunzi ni "tu" moja kwa moja, ukimwambia mwenzako wa hosteli vous atahisi unamkwepa, na kwa hao ndo unaweza kusema "Salut" au "Coucou", salamu za washikaji. Wakati wa Mapinduzi yao, mwaka 1793, walijaribu kulazimisha watu wote waitane "tu", hakuna monsieur, wote citoyen, yaani raia, sawa kwa sawa. Haikudumu. Vous ikarudi na ipo hadi leo, na mimi naona imerudi kwa sababu watu wanahitaji sehemu ya kuweka heshima, kama sisi tunavoiweka kwenye shikamoo.

Nani anakumbuka ile video ya Rais Macron ya Juni 18, 2018? Ilikuwa pale Mont-Valérien, karibu na Paris, kumbukumbu ya wito wa Jenerali de Gaulle wa 1940 wa kuendelea kupigana na Wajerumani. Kijana mmoja wa shule akamwita "Ça va, Manu ?", vipi Manu, kifupi cha Emmanuel, kama anamwita mshikaji wake. Rais akasimama palepale akamwambia hapana, mimi utaniita Monsieur le Président, au Monsieur. Nchi nzima ikabishana siku hizo, wapo waliosema rais amemkandamiza mtoto, wapo waliosema afadhali. Mimi naitaja kwa sababu ya kitu kimoja, kwenye ubishi wote ule sikusikia aliyeuliza "kwani tofauti ni nini", kila Mfaransa alijua ile salamu ilikuwa imekaa wapi.

Vyeo vichache mjue. Mwalimu wa chuo anaitwa Monsieur au Madame tu, usianze "Professeur" kila sentensi. Wakili na mthibitishaji wa mikataba ni Maître. Daktari ni Docteur. Mademoiselle, ile ya msichana asiyeolewa, iacheni kwa watu msiowazoea, serikali iliiondoa kwenye fomu zake kwa waraka wa waziri mkuu Fillon Februari 2012 kwa sababu wanawake walichoka kuulizwa kama wameolewa kila wanapojaza karatasi, mwanamke mzima ni Madame.

La bise, najua mnaisubiri. Ni mashavu kugusana, mdomo unatoa sauti hewani, sio kubusu kweli. Wanapeana dada hata wasiojuana sana, mwanaume na mwanamke marafiki, ndugu, hata wanaume kwa wanaume kwenye familia. Idadi inategemea mkoa, sehemu nyingi mbili, kusini kuna wanaofanya tatu, kuna mahali nne, na hata wenyewe wakihama mkoa wanagongana pua. Mwaka 2020 korona ilipoingia waziri wa afya Olivier Véran aliwaomba waache bise na kupeana mikono, na tangu hapo wapo ambao hawakuirudia. Sio lazima. Usiyetaka, kwa dini au kwa sababu zako, tangulia kunyoosha mkono kabla shavu halijafika, au weka mkono kifuani useme bonjour kwa uchangamfu. Wenyewe wakitaka kukwepa husema "je suis enrhumé", nina mafua, na dada atasema "enrhumée", mtu anaelewa.

Sasa kuna ndugu zetu wa Lubumbashi, Bukavu, Bujumbura, wanaongea Kiswahili na Kifaransa vyote, na Kifaransa chao kimebeba undugu wetu. Kule utamwambia mama mtu mzima "Bonjour maman" na baba "Bonjour papa" bila yeye kukuzaa na ni heshima tupu. Abidjan kule Ivory Coast utasikia tonton na tantie, yaani mjomba na shangazi, na Afrika Magharibi mgeni akifika anaambiwa "Bonne arrivée", karibu kabisa na karibu yetu. Mtakutana na watu hao Paris, Lyon, Marseille ambako Wakomoro ni wengi sana, na mkiwa nao salimianeni hivo, kwa raha zote. Ila yule mama Mfaransa wa duka la mkate usimwite maman, atageuka kuangalia mtoto yuko wapi.

Kuandika nitapita haraka. Imeili kwa mwenye nyumba au chuo haianzi na "nataka chumba", inaanza "Bonjour Madame" au kama humjui kabisa "Madame, Monsieur", na inaisha na "Cordialement" na jina lako lote. Barua rasmi ina ule mkia mrefu wa "Veuillez agréer, Madame, Monsieur, l'expression de mes salutations distinguées", ikopi kama ilivo usibadilishe kitu. Januari yote mpaka tarehe 31 kila unayekutana naye mara ya kwanza mwaka huo unamwambia "bonne année". Bonsoir, salamu ya jioni, inaanza kama saa 12 jioni, ukikosea kwa saa moja hakuna kesi. Na unapoondoka popote usitoweke kimya, "au revoir, bonne journée", hata kama hujanunua kitu.

Mtu wa kwanza utakayejaribu naye haya yote hatakuwa muuzaji wa mkate, atakuwa askari wa uhamiaji kwenye kile kibanda cha kioo eapoti ya Charles de Gaulle, Paris. Utakuwa umechoka, hujalala, karatasi za chuo ziko mkoba wa chini, mbele yako watu wamenuna. Usisukume pasipoti kwenye kioo. Fika, mtazame, "Bonjour Monsieur", subiri aitike, halafu mpe pasipoti yako. Akiuliza unaenda kufanya nini mjibu, akikurudishia pasipoti "Merci, bonne journée", jioni "bonne soirée".

Haya simameni wote tujaribu. Kila mmoja amgeukie jirani asiyemjua, mmoja awe mwenye duka. Dada wa kitenge cha bluu anza wewe, na usiseme unataka nini mpaka akuitikie.